Nilinunua unga, tambi na bia za kaya 212 za Wayahudi hapa Minnesota, na nikalipa kweli

Saa tano na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumatano, nikawa mmiliki halali wa unga, tambi, biskuti, bia na whisky za kaya 212, pamoja na stoo nzima ya chakula cha msaada.

Wakuu, heshima kwenu. Jukwaa hili nalisoma kwa miaka mingi, kuandika ni mara chache. Nasimulia kama ilivyotokea, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Majina nimebadilisha.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Iringa, Mlutheri, miaka hamsini na mbili. Naishi Apple Valley, kusini mwa Minneapolis. Huu ni mwaka wa ishirini na sita nafanya kazi kwenye shirika la huduma za jamii la Wayahudi. Nilianza kwa kuosha vyombo jikoni. Sasa mimi ndiye msimamizi wa jengo: boiler ya kupasha joto, paa, funguo, theluji, kila chenye bomba au waya. Jumapili baada ya ibada najitolea kupeleka chakula kwa wazee wasioweza kutoka nyumbani.

Shule niliishia kidato cha nne, mengine nimejisomea.

Herufi za Kiebrania nilijifunza kwenye maboksi ya jikoni. Kule nyama na maziwa havikutani. Vyombo tofauti, sinki tofauti. Wiki yangu ya kwanza nilichanganya, nikaona watu wazima wanne wamekaa kikao kujadili kijiko kimoja. Nikaona heri nijue kusoma.

Kuna utaratibu pale ambao sijauona kwingine. Siku ya Krismasi Wayahudi wanakuja kujitolea, wanashika zamu zetu sisi Wakristo, mpaka za kuzoa theluji. Miaka ishirini na sita sijawahi kufanya kazi Krismasi. Na sisi tunashika jengo kwenye sikukuu zao. Hakuna mahali palipoandikwa. Inaenda hivyo tu.

Mkurugenzi wetu ni Bi Dina, miaka sitini na saba. Alianza kujitolea akiwa msichana wa shule, akipanga makopo. Ameajiriwa pale miaka arobaini na moja, na anastaafu mwezi wa sita. Ofisini kila mtu anaitwa jina tupu, hata mkurugenzi. Mimi nilishindwa. Nilimwita Bi Dina tangu siku ya kwanza, na alishazoea.

Sasa habari yenyewe.

Waliopita Sunday school mnakumbuka mikate isiyotiwa chachu. Kwenye Pasaka yao, siku nane, Myahudi anayeshika dini hali chochote cha ngano au shayiri kilichochachuka. Hilo wengi tunalijua. Nililokuwa silijui kabla ya kuja huku ni kwamba haruhusiwi hata kukimiliki. Kikiwa kabatini kwake na ni chake, amevunja sikukuu.

Mkate unaweza kuuchoma moto. Lakini whisky ya dola tisini? Stoo yenye tambi za familia mia mbili masikini?

Kwa hiyo wanauza. Kila kaya inampa rabi idhini, rabi anaandika mkataba mmoja, anaviuza vyote kwa mtu asiye Myahudi kabla ya saa sita mchana wa siku ile. Vitu havihami. Vinafungiwa vilipo, na lile kabati au chumba mnunuzi anakodishwa. Mnunuzi anatoa malipo ya awali, salio linadaiwa sikukuu ikiisha. Siku hiyo ikifika, kwa kawaida mnunuzi hataki kulipa salio, rabi anavinunua tena, anamrudishia pesa yake na faida kidogo, maisha yanaendelea.

Mnunuzi wetu wa miaka yote alikuwa mzee mmoja mstaafu wa posta. Mwaka huu alihamia kwa binti yake Arizona. Rabi akanifuata boiler room. Nikamwambia niachie mkataba nisome kwanza.

Nilikaa nao siku mbili. Kurasa sita. Niliurudisha na maswali tisa kwenye karatasi. Rabi ni kijana, hajafika arobaini, akasema katika miaka yake yote hakuna mnunuzi aliyewahi kumuuliza swali. Yule mzee wa posta alikuwa anauliza tu asaini wapi.

Swali langu la nne lilikuwa: nikitaka kuchukua kitu katikati ya sikukuu, nachukua?

"Ni mali yako," rabi akasema. "Ukitaka kuja kula tambi mbichi gizani ni haki yako. Hakuna wa kukuzuia. Akikuzuia, mauzo yote yana kasoro."

"Na nikichukua nitalipa?"

"Utalipa. Vinginevyo tungekuwa tunaigiza."

Nikasaini. Nikatoa dola mia moja na themanini zangu mwenyewe, maana hawaruhusiwi kukukopesha zao. Akanipa leso niinyanyue, tukashikana mikono, akanikabidhi funguo. Wanafanya njia zote za kuuziana zinazojulikana, kwa pamoja, ili asitokee mtu kesho akasema ile moja haikutosha.

Funguo za stoo nilikuwa nazo tayari, ni mimi niliyezichongesha. Nilizirudisha ili nikabidhiwe.

Nyumbani nilimweleza mke wangu, Mama Tumaini. Yeye ni nursing assistant, anafanya Lakeville, alikuwa ametoka shift. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Tumaini, yaani umenunua whisky ya watu mia mbili, na iko kwao?"

Nikasema ndiyo.

"Haya. Kale kwanza ulale."

Hapa lazima niseme kosa lililofanyika, maana bila hilo uzi huu usingekuwepo.

Kila mwaka wiki moja kabla, familia zinazochukua chakula pale hupewa mgao mara mbili. Na vitu visivyo na ngano, kama mchele, unga wa mahindi, maharage, mafuta, huachwa chumba cha mbele ili kukitokea dharura vipatikane. Kwa mila yao mahindi hawali wiki ile, ila kumiliki wanaruhusiwa. Mwaka huu walikuja volunteers wapya, watu wa bidii sana. Waliogopa kukosea. Kila kisichokuwa na mhuri wa Pasaka wakakiingiza stoo. Mahindi, mchele, chumvi, mpaka maziwa ya unga ya watoto. Wakabandika karatasi mlangoni: KILICHO NDANI KIMEUZWA. Na mkataba unasema kimeuzwa kilicho nyuma ya mlango ule, bila kubagua.

Chumba cha mbele kilibaki na maboksi arobaini ya ile mikate mikavu na chupa za samaki wa kusaga.

Alhamisi, siku ya kwanza ya sikukuu, ofisi zimefungwa. Bi Dina na rabi siku kama hiyo hawashiki simu, hawashiki pesa, hawaendeshi gari. Mwaka huu Ijumaa nayo ilikuwa sikukuu, na Jumamosi ni Sabato. Siku tatu mfululizo hawapatikani. Mimi nilikuja kuangalia boiler.

Saa tatu asubuhi nikamkuta mlangoni mama mmoja na mtoto mgongoni. Namwita Mama Neema. Mkongo wa Uvira, mkimbizi, yuko Columbia Heights. Alikuwa amepanda mabasi mawili. Aliposikia Kiswahili changu alikaa chini kwenye ngazi kabla ya kusema lolote.

"Papa, kadi inakatala," akasema. "Ku magazini mashine inasema zero. Nimeacha batoto ine ku nyumba."

Kadi yenyewe ni ile ya serikali ya kununulia chakula, na magazini kwao ni dukani. Baadaye nilikuja kuelewa: familia kumi na moja zilihamishwa pamoja kutoka jengo moja kwenda jingine, fomu za kuhuisha zikatumwa kwenye jengo la zamani. Mwezi ulipoanza kadi zote kumi na moja zikasoma sifuri. Ofisi husika ilimwambia arudi Jumatatu na dossier yake, yaani makaratasi yake yote. Watoto walikuwa wamekula mara ya mwisho jana yake mchana.

Nikampa boksi la mkate mkavu. Alivunja kipande, akatafuna taratibu, akageuza boksi kuangalia kuna nini upande wa pili.

"Hii njo chakula, ao ni kartoni?"

Nikamwambia ni chakula, Wayahudi wanakula siku nane. Akasema pole yao.

Mtasema si ungempa hela aende dukani. Pochi ilikuwa na dola ishirini na tatu. Nikapiga simu pantry nyingine mbili za chakula cha msaada. Moja inafungua Jumanne, nyingine inataka appointment. Nikaamua nimpeleke supermarket kwa gari langu, nilipe kwa kadi yangu, yaishe.

Nilikuwa nimeshawasha gari aliponiambia kwamba ameandika kwenye group ya kwaya yao kuwa hapa kuna Papa anasema Kiswahili.

Kufikia saa nne na nusu walikuwa wamefika watu wa familia nne. Waliobaki walikuwa kwenye basi.

Nilizima gari nikaenda kukaa boiler room dakika kama kumi. Pale ndipo ninapofikiria vizuri.

Jambo lililonisumbua halikuwa kazi ya kugawa. Kwa miaka ishirini na sita kila nilichokibeba pale kilikuwa cha shirika, na sijawahi kutoa hata kopo bila jina la mtu kwenye orodha. Hawa hawakuwa kwenye orodha. Bi Dina hayupo wa kumuuliza. Nikifungua ule mlango nikiwa nimekosea, nimeiba kwa mwajiri wangu, siku ya sikukuu yake, miezi miwili kabla hajastaafu.

Kisha nikajibizana na nafsi yangu hivi. Kama mali ni yangu, naweza kufungua. Kama siwezi kufungua, basi si yangu. Na kama si yangu, basi kaya 212 zinavunja Pasaka yao saa hii hii zikiwa mezani, na rabi amewadanganya, na mimi nimesaini uongo wa kurasa sita.

Nilikuwa na nakala ya mkataba kwenye mfuko wa koti. Nikasoma kifungu cha tano, kile cha haki ya mnunuzi kuchukua mali yake wakati wowote, mara mbili. Nikaenda kufungua.

Nilifanya kwa utaratibu. Nikaweka meza mlangoni, nikachukua daftari, nikaandika kila familia na idadi ya watu. Halafu nikawatangazia kwamba chakula hiki si cha shirika, ni changu, nimekinunua jana.

Mbele ya mstari alikuwapo mzee mmoja mcheshi, Papa Bahati. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Kumbe Batanzania muko na pesa hivi? Na unavala bile biatu?"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka, na mstari ukaanza kusogea. Unga wa mahindi uliisha kwanza.

Kwenye saa saba kasoro nikainua kichwa, Bi Dina amesimama kwenye njia ya miguu. Anatembea kutoka sinagogi kurudi kwake, jengo letu liko njiani. Amevaa koti la sikukuu. Mbele yake wanapita watu wamebeba tambi na unga wa ngano kutoka kwenye mlango wenye ile karatasi ya KIMEUZWA.

Alikuja mpaka kwenye meza. Hakugusa kitu. Aliuliza swali moja.

"Festo, hii mali ni yako?"

"Ni yangu, Bi Dina."

"Basi sina la kusema."

Lakini hakuondoka. Alitazama jinsi nilivyokuwa nachukua vitu stoo, na niliona anaumia, maana zile rafu amezipanga yeye. Mwisho akasema, akiangalia pembeni, "Sikushauri, mali si yangu. Ila ningekuwa mimi ndiye mwenyewe, ningekumbuka kuwa maziwa ya watoto yako nyuma ya oats."

Nikaenda nyuma ya oats. Makopo kumi na nane.

Mama Neema alikuwa anahangaika kufunga mabegi huku mtoto analia. Bi Dina akanyoosha mikono, maana hawana lugha moja. Akampokea mtoto, akakaa naye kwenye benchi. Alikaa pale dakika arobaini na zaidi, mkurugenzi mzima, mpaka familia ya mwisho ilipoondoka. Niliwabeba waliokuwa na mizigo mizito kwa gari, safari tatu kwenda Columbia Heights na kurudi.

Jumapili ilikuwa Pasaka yetu. Sikumwambia mtu kanisani.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, sikukuu yao imeisha, tukakaa watatu ofisini: rabi, Bi Dina na mimi. Vitu vya kaya 212 rabi alivinunua tena kama kawaida, whisky ikarudi kwa wenyewe bila kuonjwa. Ikabaki stoo.

Bi Dina akasema stoo tusahau. Vitu vilikuwa vya msaada, shirika halikuvinunua, na vimeenda kwa watu ambao vingeenda kwao. Akasema bei yake ni dola moja, akasogeza karatasi niweke sahihi.

Nikatoa daftari. Nilikuwa nimepita supermarket kuandika bei ya kila kitu kwenye rafu. Jumla dola 1,912 na senti 40.

"Hapana," akasema Bi Dina.

"Mimi si mhitaji, Bi Dina. Mimi ni mnunuzi."

Wakuu, nimeishi Tanzania na nimeishi Marekani, sijawahi kuona muuzaji anashusha bei na mnunuzi anapandisha. Tulivutana karibu saa nzima. Yeye akafika dola hamsini. Mimi nikateremka mpaka 1,700 ili nisionekane mkaidi. Bi Dina alikasirika kweli, uso ulibadilika. Alisema sasa namlazimisha apokee pesa ya mfanyakazi wake kwa ajili ya maharage.

Rabi alikuwa anasikiliza ameshika kidevu. Mwisho akasema kwamba Bi Dina ana moyo mzuri, lakini akiniuzia stoo kwa dola moja, atakuwa amesema mauzo yale yalikuwa mchezo, na mwakani hakuna atakayelala usingizi. Akasema pia kwamba na mimi nina kiburi kidogo. Bei itakuwa ya jumla, ile anayolipa mwenye duka. Akapiga hesabu. Dola 1,148 na senti 75. Ukitoa 180 za awali, salio 968.75.

Nikalipa siku ile ile. Risiti ninayo.

Hela ile ilikuwa sehemu kubwa ya tiketi yangu ya Desemba ya kwenda Tanzania. Mama Tumaini nilipomwambia alimaliza kuosha sufuria, akaifuta, akaiweka.

"Kwa hiyo nyumbani naenda mwenyewe."

Nikasema inaelekea.

"Nitawasalimia. Nitawaambia umenunua stoo."

Binti yetu alikuwa mezani na simu yake. Akasema, "That's so Dad," akaendelea na simu.

Halafu mhasibu wa kodi akaniambia siwezi kuidai kama mchango wa hisani, kwa sababu niligawa moja kwa moja kwa watu badala ya kupitia shirika linalotambulika. Miaka ishirini na sita niko ndani ya shirika la hisani. Mara yangu ya kwanza kutoa kiasi cha maana, haikuhesabika.

Kadi za zile familia zilifunguliwa Jumatano ya wiki ile ya sikukuu, siku ya sita tangu wafike mlangoni. Nilimuuliza Mama Neema kama chakula kilifika siku zote sita. Akasema kilifika, na mkate mkavu wameupondea kwenye uji, sasa batoto wanauulizia.

Bi Dina hakuongea na mimi siku nne, zaidi ya mambo ya boiler. Siku ya tano nilikuwa stoo narudisha mchele kwenye rafu, akaja akasimama mlangoni.

"Miaka arobaini na moja nimegawa chakula," akasema. "Hakijawahi kuwa changu hata siku moja."

Nikamwambia hata mimi, mpaka ile Alhamisi.

Akachukua boksi la pili, tukaendelea kupanga.

Nilichojifunza ni kidogo. Kutoa ukiwa umeshika funguo za mtu mwingine ni kazi, na ni kazi nzuri, imenilisha na kunisomeshea mtoto. Lakini usijisifie kwamba wewe ni mtoaji mpaka siku kitu kitakapotoka kwako na ukakisikia kinavyotoka. Na mkataba usome wote, hata kama waliokutangulia waliuliza tu wasaini wapi.

Kwa mliokaa nchi za watu, mmewahi kushika sikukuu isiyo yenu mpaka ikawagharimu? Na wale wa sheria, mnisaidie: kifungu cha tano nilikitumia sawasawa au nilipitiliza? Karibuni, kupingwa naruhusu.

Kwa kumbukumbu, rabi alinipa faida ya mnunuzi kama desturi yao, dola hamsini, na hiyo niliipokea. Hasara kamili ni dola 1,098 na senti 75.